UZI: Tungeunda upya mfumo wa kuweka programu kwenye Linux, tuanzie pale umeme unapokatika na bando kuisha

FundiMwanga (Kigoma)

Wakuu habari za jioni. Uzi mrefu huu, mwenye haraka aweke siti arudi baadae.

Niko Kigoma mjini, Mwanga, nina steshenari na meza ya ufundi wa kompyuta, pembeni naangalia maabara za shule kadhaa zinazotumia Linux, zingine ziko huko mwambao wa kusini, Buhingu na Kalya, ambako unafika kwa boti na mtandao unaupata ukisimama sehemu fulani fulani tu. Sasa kuna kitu najiuliza siku nyingi, hivi waliotengeneza dpkg na rpm na wenzake, zile programu za chini kabisa zinazoweka na kutoa programu kwenye Linux, walimuwaza lini mtu ambaye umeme wake unaondoka katikati ya apdeti? Ukichungulia ndani unaona kabisa walimkumbuka mwishoni, kama ajali fulani hivi ambayo ikitokea mtu atajua cha kufanya.

Siwalaumu. dpkg ya kwanza aliiandika Ian Murdock mwaka 1994, akaja Ian Jackson akaiandika upya, rpm nayo ikafuata, na enzi zile kupata tu kitu kinachojua faili hili ni la programu gani ilikuwa hatua kubwa, maana kabla ya hapo unashusha furushi la tar unalimwaga kwenye mashine na kumbukumbu ya nini kimeenda wapi unabaki nayo wewe kichwani. APT ikaja kukaa juu yake mwishoni mwa miaka ya 90 ndo ikaanza kutafuta dependensi, yaani vitu vingine ambavyo programu inavihitaji ili ifanye kazi, yenyewe mtandaoni. Ila msingi ni ule ule mpaka leo: programu mpya inaandikwa juu ya ya zamani, faili baada ya faili, kwenye mashine hiyo hiyo ambayo mtu anaitumia.

Tuangalie kwa karibu kidogo. Umepiga apt upgrade, pakeji zako ni nyingi tu. dpkg inafungua pakeji, kila faili jipya inaliandika kwanza kwa jina lenye mkia wa .dpkg-new, afu inalibadilisha jina likae pahala pa la zamani. Kwa faili moja hapo hamna shida, ama utakuta la zamani ama jipya. Shida ni kundi. Pakeji zinafunguliwa kwanza, baadae ndo zinakuja kusetiwa kwa ile skripti inaitwa postinst, na katikati ya hatua hizo mbili mashine ina laibrari mpya (mafaili ambayo programu nyingi zinachangia), programu nusu mpya nusu za zamani, na pakeji zilizofunguliwa ambazo hazijasetiwa. Umeme ukiondoka hapo, ukija kuwasha apt inakwambia:

`dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a' to correct the problem.`

Mwalimu wa Kalya atajuaje hiyo ni nini? Na hapo ni bahati, mashine imewaka. Ukiondoka wakati update-initramfs inaandika faili la kuwashia, mashine inaweza isiwake kabisa na hapo ndo mimi naanza kuulizia boti ya kesho.

Hoja yangu ni hii: mfumo mpya uchukulie kwamba KILA apdeti itakatwa. Bando litaishia asilimia 70, umeme utaondoka, mwanafunzi atabonyeza kitufe cha kuzimia kwa sababu kengele ya kutoka imelia. Na popote itakapokatwa, mashine iwe haijaguswa. Tukianzia hapo, maamuzi mengi ya huo mfumo yanajipanga yenyewe.

Karibuni, matusi hapana.

KijanaWaGungu

Mkuu si unaweka UPS tu yaishe? Tunazungusha mambo marefu.

FundiMwanga

Maabara ya mashine ishirini na kitu, UPS zenye betri nzima ni za kuhesabu. Na UPS haiongezi bando mdogo wangu.

Mlamba_Asali (Tabora)

Nimeweka kambi hapa. Huku Isevya nina kimaabara changu cha kufundishia vijana, mi kilichonitesa ni hiki sijui kama umewahi kukutana nacho, umeme ulikata, kuwasha kila ukitaka kuweka chochote inagoma inasema `files list file for package ... is missing final newline`. Kwenda kuchungulia /var/lib/dpkg/info/ nikakuta lile faili la .list la hiyo pakeji ukubwa wake uko vile vile ila ndani ni tupu, alama zisizosomeka tupu, yaani diski iliandika urefu wa faili ikawa haijaandika maneno. Nikalifuta nikaiweka ile pakeji upya ikatulia. Sasa jiulize pakeji MOJA kuharibikiwa orodha yake, mfumo mzima wa kuweka programu unasusa.

FundiMwanga

@Mlamba_Asali nimekutana nayo sana tu, na huo ndo mfano mzuri. dpkg ya sa hivi inalazimisha diski iandike kweli kwa fsync kabla ya kubadilisha jina, ndo maana watu wanalalamika ni taratibu kwenye diski za zamani, na wakaweka hadi swichi ya --force-unsafe-io kwa wenye haraka zao. Ila diski zingine za bei ya chini zinakubali zimeandika wakati bado, hapo hata fsync ufanye nini.

Kwenye mfumo ninaouwaza kumbukumbu ya nini kimewekwa isiwe mafaili mengi yanayoandikwa juu kwa juu. Kila hali ya mashine iwe na orodha yake moja, nzima, ina hashi yake (alama inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo, yakibadilika nayo inabadilika), ikishaandikwa haiguswi tena. Hashi ikigoma kulingana, mashine inaitupa hiyo orodha na kushika ya kabla yake. Haiulizi mtu.

Mzee_wa_Terminali

Vijana mnataka kuvumbua gurudumu. Hayo yalishatatuliwa zamani, kuna mfumo wa kuweka programu unaitwa Nix. Eelco Dolstra, Chuo Kikuu cha Utrecht kule Uholanzi, alitetea tasnifu yake ya udaktari mwaka 2006 juu ya jambo hili hili. Kasomeni kwanza ndo mje kufungua uzi.

FundiMwanga

Shikamoo mzee. Nimesoma na nimeitumia, ngoja niweke ninavyoiona, nikiteleza utanirekebisha.

Kwenye umeme Nix imemaliza kazi. Kila pakeji inakaa folda yake ndani ya /nix/store, jina la folda linaanza na hashi ya herufi 32, toleo jipya linapata folda jipya, la zamani halifutwi wala haliguswi. Kila kitu kikishakaa tayari, kinachobadilika ni kiungo kimoja tu kinachosema "mfumo wa sasa ni ule pale", na kukibadilisha hicho ni mpigo mmoja wa kerneli, kile kiini cha Linux, hamna katikati. Umeme ukiondoka kabla, uko kwenye mfumo wa jana mzima kabisa. Ukiondoka baada, uko kwenye mpya. Na kama mpya una kasoro unawasha mashine unachagua wa jana kwenye menyu. Hapo sina neno mzee, ni heshima.

Sasa twende kwenye bando. Ndani ya kila programu ya Nix imeandikwa njia kamili ya laibrari inazozitumia, pamoja na ile hashi. glibc, ile laibrari ya msingi, ikirekebishwa kidogo tu hashi yake inabadilika, kwaiyo kila kinachoitegemea kinajengwa upya na kupata hashi mpya, na glibc inategemewa na karibu kila kitu, kwaiyo tundu dogo la usalama kwenye laibrari moja unajikuta unashusha mfumo karibu mzima. Kwa mtu wa Utrecht hiyo ni dakika za kunywa kahawa. Kwa shule yenye laini moja ya simu kama moto wa kugawa ni bando la mwezi.

Wenzao wa Guix, mfumo wa mtindo huo huo wa Nix, wana ujanja wanauita kupandikiza: pakeji hazijengwi upya zote, mashine yako yenyewe inachukua programu ulizonazo tayari inabadilisha ndani yake ile njia ya laibrari ya zamani kuwa ya mpya, wewe unashusha laibrari iliyorekebishwa tu. Nauona ndo ujanja wenye faida kwetu kuliko mwingine wowote humo, ila wao wanautumia kwa apdeti za usalama za haraka, mi ningeufanya uwe njia ya kawaida.

Mzee_wa_Terminali

Marahaba. Hapo kwenye glibc umesema kweli. Endelea.

FundiMwanga

Asante mzee. Upande wa kushusha sasa.

apt ikishusha pakeji mpya inashusha pakeji NZIMA. Programu ya ofisi imebadilika mstari mmoja, unashusha mamia ya mega zile zile ulizonazo tayari kwenye diski. Watu waliliona hilo zamani, Fedora, aina ya Linux inayotumia rpm, walikuwa na deltarpm, unashusha tofauti tu kati ya toleo lako na jipya, mashine inaunganisha yenyewe. Wameshaitoa kuanzia Fedora 40, mwaka 2024. Na unaweza kuona kwa nini haikushika: tofauti ni ya kutoka toleo fulani kwenda toleo fulani. Sasa mashine ya Buhingu imekaa likizo nzima imezimwa, imeruka matoleo manne, ile tofauti ya kutoka kwake kuja kwa leo hamna aliyeitengeneza, inabidi ishushe nzima, yaani anayeihitaji zaidi ndo anaikosa.

OSTree wamefanya vizuri zaidi, ndo iko chini ya Flatpak, njia nyingine ya kuweka programu kwenye Linux, na Fedora Silverblue. Kila faili linajulikana kwa hashi yake, SHA256, mashine inauliza seva orodha ya mafaili ya toleo jipya, inalinganisha na iliyonayo, inashusha ambayo haina. Haijalishi umeruka matoleo mangapi.

Ila faili kubwa likibadilika kidogo bado unashusha faili zima. Ndo nakuja kwenye wazo la casync, Lennart Poettering aliitoa mwaka 2017, unakata data vipande kwa kufuata yaliyomo. Ukikata kila baada ya kilobaiti 64 kwa kuhesabu, mtu akiongeza herufi moja mwanzoni, vipande vyote vinasogea na hashi zote zinabadilika. Yeye dirisha dogo linatembea juu ya data, likikutana na mpangilio fulani wa baiti ndo linakata hapo. Kwaiyo ukiongeza kitu mwanzoni kinabadilika kipande cha hapo tu, kinachofuata kinakuta alama yake ile ile na kukata pale pale. Bando likiisha katikati, vipande ulivyovipata vinabaki ni vyako, ukija kuweka vocha wiki ijayo unaendelea na vilivyobaki, hata kama toleo limeshabadilika tena katikati, maana vipande vingi vitakuwa ni vile vile.

KijanaWaGungu

Hapo kwenye wiki ijayo umenigusa 😂

DadaSeva (Kasulu)

Habari zenu kaka zangu. Mi naangalia mashine za hospitali moja huku, nina swali kwa FundiMwanga. Hivyo vipande vikitoka kwa mtu yeyote usalama unakuwaje? Maana naona unakoelekea ni flashi. Kwangu flashi ndo inaleta virusi kuliko mtandao.

FundiMwanga

Dada yangu umeniwahi, ndo nilikuwa naenda huko.

Watu wengi wanadhani apt ni salama kwa sababu ya seva. Hapana. Faili la InRelease limetiwa sahihi ya kidijitali kwa ufunguo wa Debian, wenye Linux iliyozaa apt, ndani yake kuna hashi za orodha za pakeji, ndani ya orodha kuna hashi ya kila pakeji. Mnyororo huo ukikamilika, aliyekuletea hana umuhimu, awe seva ya Ujerumani au kijana wa bodaboda mwenye flashi, akibadilisha baiti moja hashi inagoma. Ndo maana apt kwa miaka mingi ilitembea kwenye http ya kawaida tu bila shida. Unaloogopa kwenye flashi ni mafaili yanayofunguka yenyewe na watu kubonyeza vitu, mfumo wa pakeji hautakiwi kufungua chochote, unasoma vipande, unapiga hashi, kisicholingana unakitupa.

Kwaiyo sioni kwa nini flashi iwe njia ya dharura. Iwe njia rasmi sawa na mtandao. Mashine ikitafuta kipande iulize kwanza diski yake, afu majirani kwenye waya wa maabara, afu flashi iliyochomekwa, intaneti iwe ya mwisho. Maabara nzima inashusha kitu mara moja. Sa hivi napata kamoja ka hayo kwa apt-cacher-ng, inakaa kwenye mashine moja mlango namba 3142, wengine wote wanachota hapo, inasaidia sana asiyenayo aiweke leo leo. Na waliowahi kuifikiria flashi kwa heshima ni Endless OS, mfumo wao ulijengwa kwa ajili ya watu wasio na intaneti ya maana, na Flatpak ina amri kabisa ya `flatpak create-usb` ya kukupakilia programu upeleke kwingine. Inashangaza wengi hawaijui.

DadaSeva (Kasulu)

Nimekuelewa kwenye kubadilisha baiti. Ila mtu akiniletea flashi ya ZAMANI? Sahihi ni halali, hashi zote zinalingana, ila ina laibrari yenye tundu lililozibwa miezi mitano iliyopita. Mashine inajiona imeapdeti kumbe imefungiwa kwenye ya kale.

FundiMwanga

Dada hilo ni swali la watu wazima. Kuna shambulizi kabisa la namna hiyo, kumgandisha mtu. Debian wanaziba kwa kuandika kwenye faili la Release tarehe ya mwisho wa uhalali, Valid-Until, ikipita apt inakataa. Ila sasa angalia inavyokuja kutuumiza sisi. Flashi imechelewa boti, imefika tarehe imepita, mashine inakataa apdeti ambazo ni mpya kuliko ilizonazo! Na kuna ile nyingine, desktopu za msaada betri ya CMOS, ile inayotunza saa, imekufa, kila ikiwashwa saa inarudi miaka kumi nyuma, apt inasoma Release inakwambia `is not valid yet`, yaani apdeti zimetoka siku zijazo. Mwalimu anaona nyekundu anaacha.

Nionavyo saa ya mashine isitegemewe peke yake. Kila orodha iwe na namba inayopanda tu, mashine inakumbuka namba kubwa iliyowahi kuiona, flashi yenye namba ndogo inakataliwa, yenye kubwa inapokelewa hata kama tarehe yake imepita. Wazo la namba liko kwenye mfumo wa kulinda apdeti unaitwa TUF, sijalitunga mimi.

DadaSeva (Kasulu)

Namba inazuia kurudishwa nyuma, haizuii kugandishwa. Nikikaa mwaka sijaletewa kitu namba yangu haijui kwamba dunia imesonga. Usiitoe tarehe. Nitarudi kwenye hili.

Mlamba_Asali (Tabora)

Kabla hamjaenda mbali, mi nataka tuziue zile skripti. Pakeji ya .deb inabeba preinst, postinst, prerm, postrm, na zote zinakimbia zikiwa na ruhusa zote za mashine. Ni sawa na kumpa fundi bomba funguo za nyumba nzima aje kubadili koki moja. Nyingi ukizifungua utakuta zinafanya mambo yale yale, kuongeza mtumiaji wa huduma, kutengeneza folda, kuwasha huduma, kusasisha orodha ya fonti. Kwa nini kila mtu aandike skripti yake?

FundiMwanga

Naunga mkono hoja kwa mikono miwili. Na kuna sababu ya pili: skripti ikikatwa katikati hakuna anayejua imefika wapi. Pakeji iseme inataka nini, mfumo ndo ufanye. systemd, inayowasha na kusimamia huduma kwenye Linux nyingi, tayari wana sysusers na tmpfiles, unaandika mstari mmoja kwamba nahitaji mtumiaji fulani na folda fulani, basi. Kwenye karatasi zangu pakeji inaonekana hivi:

`jina: rejista-maktaba`
`toleo: 2.4`
`mtumiaji: maktaba`
`folda: /var/lib/maktaba, mwenyewe maktaba`
`huduma: maktaba, iwake na mashine`
`vipande: orodha ya hashi`

Hakuna sehemu ya kuandika amri. Anayehitaji amri kweli kweli, mfano kuhamisha hifadhidata kutoka muundo wa zamani kwenda mpya, aiweke ndani ya programu yake iendeshwe ikiwashwa, kwa ruhusa za mtumiaji wake na si za mashine nzima. Najua kuna pakeji zitalia, kerneli na kiwashio vitahitaji njia yao. Zilie.

mtu_wa_kati

Wakuu mmesahau kitu kikubwa, kutafuta dependensi. Hilo ni tatizo gumu kihesabu, la kundi la NP-kamili, yaani halina njia ya mkato inayojulikana, ndo maana dnf na zypper, wenzake apt upande wa rpm, wanatumia libsolv yenye mbinu za SAT, za kutatua masharti mengi kwa pamoja. Mtajenga hizo hesabu upya nyie?

FundiMwanga

Hapana, nataka kuzikwepa. Ugumu unakuja pale unapompa mtumiaji uhuru wa kuchanganya toleo lolote na lolote. Kama wajenzi wanatoa seti nzima iliyojaribiwa pamoja, seti ya leo, seti ya wiki ijayo, na programu zikakaa folda tofauti zisigombanie laibrari, mashine yako haina cha kutatua, inachagua seti tu.

Na hesabu ikiwa sahihi bado jibu linaweza kuwa la ajabu. Mnakumbuka mwaka 2021 yule Linus wa YouTube, Linus Sebastian, alitaka kuweka Steam, programu ya magemu, tu kwenye Pop!_OS, aina ya Linux inayotumia apt, apt ikapiga hesabu ikaona ili Steam iingie inabidi desktopu yote iondoke, ikamwambia aandike `Yes, do as I say!`, akaandika, desktopu ikaondoka. Watu walimcheka. Mi sikucheka. Hesabu ilikuwa sahihi kwa sheria ilizopewa, sheria ndo mbovu: kuweka kitu kusiwe na ruhusa ya KUTOA kitu ambacho mtu hajakitaja. Ikishindikana iseme imeshindikana. apt wenyewe baadae walikitoa kile kisentensi, sa hivi lazima uweke swichi makusudi.

KijanaWaGungu

Haya na lile la xz, ile programu ya kubana mafaili iliyowekewa mlango wa nyuma? Sahihi zilikuwepo, hashi zilikuwepo.

FundiMwanga

xz matoleo 5.6.0 na 5.6.1, Machi 2024. Andres Freund aliona ssh, ile ya kuingilia mashine ya mbali, inachelewa kidogo tu kuingia akaanza kuchimba, akakuta mlango wa nyuma. Na ulivyofichwa, kipande cha kuuamsha kilikuwa kwenye furushi la kutolea na hakikuwepo kwenye git ambako watu wanasoma msimbo. Mfumo wa pakeji peke yake hauzuii mtu aliyeaminiwa akageuka. Unachoweza kufanya ni mbili: jenga kutoka kwenye kile watu wanachokisoma, na ujenzi uwe wa kurudiwa, mtu mwingine akijenga mahali pengine apate baiti zile zile, Debian wanaisukuma hiyo kazi tangu 2013. Na kurudi nyuma kuwe kwa amri moja, bila kushusha kitu.

mtu_wa_kati

Diski je? Kila toleo linabaki, mashine zenye giga 32 zitajaa kwa mwezi.

FundiMwanga

Vipande vinavyofanana vinakaa mara moja, kwaiyo toleo la pili halilingani na nakala ya pili. Kuhusu kufuta, sitaki sheria ya "bakiza matatu ya mwisho", maana matatu ya mwisho yanaweza kuwa yote mabovu. Sheria yangu: toleo la mwisho LILILOWAKA likafika kwenye kioo cha kuingilia na mtu akaingia, hilo haligusiki. Mengine diski ikibana yafutwe kuanzia la zamani. Na jipya likishindwa kuwaka mara mbili tatu mashine irudi yenyewe kwa lile, simu za Android zina sehemu mbili za mfumo kwa mtindo huo tangu Android 7.

Mzee_wa_Terminali

/boot, ile sehemu ya mafaili ya kuwashia, itakujaa kwanza kabla ya diski. Kerneli na initramfs za matoleo yote zinakaa pale, na watu wengi wamekata /boot ndogo.

FundiMwanga

Kweli mzee. Hapo itabidi /boot ibebe mbili tu, la sasa na lile lisiloguswa, na jipya liandikwe pahala pa lile la zamani baada ya la sasa kuthibitishwa ndo lisiloguswa. Yaani kabla ya kuandika chochote kwenye /boot, kwanza kuna mmoja anayejulikana mzima.

DadaSeva (Kasulu)

Nimerudi kwenye tarehe. Pendekezo langu: mkataa kwa namba, mwonyaji kwa tarehe. Namba ndogo, apdeti inakataliwa moja kwa moja. Namba kubwa ila tarehe imepita, inapokelewa, lakini mashine inaandika kwenye kioo cha kuingilia "apdeti zako ni za hadi tarehe fulani" na onyo hilo haliondoki mpaka ipate mpya zaidi. Na saa ikiwa nyuma ya tarehe ya orodha yenyewe, mashine ijue saa yake ndo mbovu, ichukue tarehe ya orodha kama saa ya chini kabisa. Kwangu mashine za mapokezi zikionyesha hivyo mi nitajua ya kuanza nayo, na kwa mwalimu wako haitamzuia kufundisha.

FundiMwanga

Hiyo ya saa ya chini kabisa sikuiwaza. Imeingia kama ilivyo, naandika kwa jina lako la humu. Bado mtu mbaya akipata ufunguo anaweza kutoa orodha yenye tarehe ya 2090 na namba kubwa mno, mashine zikagoma kila kinachofuata.

DadaSeva (Kasulu)

Ndo maana ufunguo wa orodha za kila siku usiwe huo huo unaotangaza funguo mpya. Ule wa juu ukae nje ya mtandao kabisa, ukibadilisha ufunguo wa chini hesabu ya namba inaanza upya. TUF wanafanya karibu hivyo hivyo.

FundiMwanga

Sawa. Wikiendi naweka rasimu ya muundo wa orodha na sehemu ya kukata vipande, najaribia kwenye desktopu mbovu mbili nilizonazo mezani, nachomoa waya wa umeme ovyo ovyo zikiwa zinaapdeti. @Mlamba_Asali kama una mashine ya CMOS iliyokufa niwekee kando usitupe.

Mlamba_Asali (Tabora)

Ninazo mbili. Nazipandisha treni.